Mguu wa Kyalo na Hewa Iliyoshindiliwa

Siku yangu ya kwanza kazini, sista mkuu wa wodi ya upasuaji hapa Machakos alinikabidhi troli ya kusafishia vidonda, akasema, "Usiangalie bendeji, angalia nyama. Ikiwa nyekundu, inaishi. Ikiwa ya kijivu, inakuaga." Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilifunga vidonda vya majembe, vya moto na vya kisukari mpaka nikadhani hakuna kidonda kigeni kwangu.

Kisha akaletwa Kyalo, mkata mawe wa Lukenya. Jiwe lilikuwa limeuponda mguu wake wa kulia. Mfupa uliunga, lakini kidonda kilikataa kufunga, na vidole viwili vikawa vyeusi. Daktari mpasuaji akaamua mguu ukatwe chini ya goti.

Kyalo akanishika mkono. "Sista, mimi niko na watoto wanne na nyundo peke yake. Hakuna kitu ingine?"

Nililipeleka swali hilo kwa daktari. Akaja mwenyewe kitandani. "Kuna chumba huko Pwani cha kutibu wapiga mbizi. Tiba yake inaitwa haipabariki."

Mwende, mkewe Kyalo, alishtuka. "Haibariki? Sasa tunaenda huko kufanya nini?"

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona daktari yule akicheka wodini. Akaeleza kwamba ni neno la Kigiriki, lenye maana ya uzito uliozidi. Mgonjwa hufungiwa katika chumba cha chuma, hewa ikashindiliwa mpaka kanieneo, yaani nguvu yake ya kukandamiza, izidi ya huku nje, naye akivuta oksijeni tupu kwa barakoa. Oksijeni huyeyuka ndani ya damu na kupenya hata pale mishipa iliyopondwa imeshindwa kuifikisha. "Huwasaidia wapiga mbizi wenye mapovu kwenye damu, na waliovuta moshi wa makaa. Vidonda kama hiki, baadhi tu. Siahidi."

Nilitumwa kumsindikiza. Fundi wa chumba alitukagua: kiberiti, mafuta ya nywele, nguo za nailoni, vyote nje, kwa sababu penye oksijeni nyingi cheche moja inatosha kuteketeza watu. Mlango ukafungwa. Hewa ikaingia kwa kishindo, joto likapanda, masikio yakaziba.

"Meza mate, sista!" fundi aliita kwenye spika.

Mshale wa kipimo ulionyesha tuko kama watu waliozama mita nyingi baharini, nasi tumekaa wakavu.

Alirudishwa humo siku baada ya siku. Vidole viwili vilikatwa. Lakini wiki ya tatu, nilipofungua bendeji, niliona chembe nyekundu zimetapakaa kidondani kama mtama.

"Aiya, sista! Hiyo ni nyama yangu?"

"Ni yako, Kyalo."

Tuliporudi Machakos, daktari aliigusa kwa kidole kimoja, akaketi ukingoni mwa kitanda. "Futa jina lake kwenye orodha ya thieta ya upasuaji," akaniambia taratibu.

Sasa nimestaafu, niko nyumbani Masii. Wengine wengi walipoteza miguu. Chumba kilikuwa mbali, au walitufikia wamechelewa. Siwasahau. Lakini wauguzi vijana wakiniuliza kama niliwahi kuona ajabu kazini, nawasimulia asubuhi moja, mwaka mmoja baadaye, mtu alipotokea mlangoni mwa wodi akiwa na buti kwenye miguu yote miwili.

"Unaumwa wapi, Kyalo?"

"Siumwi, sista. Nilitaka tu unione nimesimama."