Nyumba ya Mdogo Wangu Ndani ya Mita Sitini

Mimi ndiye kifungua mimba, na mama anaishi kwa kitinda mimba. Hilo tu linatosha kunitia homa. Nina nyumba Sumbawanga mjini, ya tofali za kuchoma, na ndani yake kuna chumba nilichomwandalia yeye: kitanda kipana, mablanketi mazito ya baridi yetu ya Juni, dirisha linalopokea jua la asubuhi. Baba alipofariki, na shamba letu la kijijini Pito likawa kubwa kuliko mikono ya mama, nilimwambia, "Mama, njoo kwangu." Akasema atafikiri. Wiki haikuisha nikasikia ameteremka ziwani kwa mdogo wangu, na mfuko wa unga wa ulezi kichwani.

Mfipa wa kuzaliwa, mtu wa mahindi na ulezi tangu utoto, eti leo anaanika dagaa! Nilichukia, sifichi.

Mdogo wangu aliolewa kijiji kimoja upande wa Kabwe, na mtu mwenye boti za uvuvi. Shemeji ni Mwislamu, mcheshi, mtu wa watu, na mama yangu na rozari yake shingoni anampenda kuliko alivyowahi kumpenda mume yeyote niliyemletea mimi. Nyumba yao ndiyo ilikuwa ya kwanza kutoka majini, mlango unatazama ziwa. Ubavuni mwa boti yao wameandika "Mwenye wivu ajinyonge". Shemeji anaapa kwamba maneno yalichaguliwa na fundi rangi. Weee! Najua niliandikiwa mimi.

Sasa kazi yangu ni mipango ya ardhi. Miaka hii Ziwa Tanganyika limejaa kupita kawaida, limekula njia, vibanda, hata makaburi. Nchi nne zinaligawana ziwa lile na kila moja ina sheria yake ya ukingo. Niliwahi kukaa na wenzetu wa nchi hizo kwenye mafunzo, na jambo moja lilinikaa: sheria ya ufukwe ambayo wakazi wa ufukweni hawakushiriki kuipanga huishia kwenye kabati. Kwetu inasema makazi yasijengwe ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa maji. Lakini kijiji ndicho kinachokaa na kupanga ardhi yake, kinapitisha sheria ndogo kwenye mkutano mkuu, kinatenga viwanja vya juu kwa watakaohama. Sisi tunaelekeza tu.

Zamu ikafika kijiji cha mdogo wangu. Nilimwambia bosi mbele ya wenzangu wote: pale kuna nyumba ya ndugu yangu, niondoeni. Akanijibu kwamba kamba ya kupimia watavuta wanakijiji wenyewe, mimi nitafafanua sheria, basi. Haya. Nikashuka. Na kuanzia Namanyere mpaka tunauona mng'ao wa ziwa kule chini, moyo wangu ulikuwa unaimba. Nyumba ile ikiondoka, mama atakwenda wapi tena kama si kwangu?

Nilimkuta kwenye chanja za dagaa, kachomwa na jua, anafukuza ndege kwa kijiti huku anacheka. Wanawake wa pale walikuwa wanamwita bibi, na kila mmoja anamwuliza: bibi hawa wamekauka, bibi hawa tuwageuze?

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda?" Akageukia dagaa wake.

Mchana tulikula migebuka ya kuchoma. Mama huyu huyu, kwangu samaki hataki, anasema miiba inamsumbua! Alikuwa anachambua minofu na kumwekea mdogo wangu kwenye sahani, mtu mzima mwenye watoto.

Kesho yake mkutano. Rasimu yetu ya ramani ilikuwa na kosa, na kosa lenyewe ni la watu wa nyanda za juu. Wote tulioichora tumezaliwa kwenye mashamba ya Ufipa. Kwetu mpaka ni mpaka. Babu akishaukubali na jirani yake, wajukuu wanaukuta palepale. Basi na ukingo wa ziwa tukauchora hivyohivyo, mstari mmoja uliotulia, kana kwamba maji nayo yana babu. Wavuvi waliutazama ule mchoro wakacheka mpaka wakapigana mabega.

"Mnapima kutoka maji yapi?" akauliza mzee mmoja. "Ufukwe wa zamani, au pale yalipofika mwaka yalipojaa?"

Hapo ndipo palipokuwa na nyumba ya mdogo wangu. Ukipima kutoka ufukwe wa zamani, inapona. Ukipima kutoka maji yalipofika, imekwisha. Watu wakagawanyika, kelele zikawa nyingi, mwenyekiti wa kijiji akanigeukia. "Mtaalamu, unatushauri nini?"

Nikasema tupime kutoka pale maji yanapofika yakijaa, kwa sababu sheria ile ipo kulinda watu na ziwa, na ziwa likijaa halitakumbuka lilikuwa wapi zamani. Ndilo jibu sahihi. Ningelitoa hata nyumba ingekuwa ya mtu nisiyemjua. Ila kwa mtu nisiyemjua, sauti yangu isingekuwa tamu vile.

Mdogo wangu akanitazama kutoka kwa wanawake wenzake. "Dada, unapima kwa kamba au kwa roho?"

Watu wakaangua kicheko. Mimi mashavu yakawaka moto, nikashika makaratasi yangu.

Kisha akasimama. Nilijiandaa kwa ugomvi, maana ulimi wake naujua. Badala yake akasema taratibu kwamba mvua zile kubwa maji yaliingia ndani mama akiwa amelala, wakamtoa kwa kumbeba mgongoni. "Nyumba ni yangu, nimeijenga kwa dagaa. Lakini pimeni kutoka yalipofika. Sitaki kumbeba tena."

Wakampigia makofi. Ebo! Ninakuja na sheria, yeye anapoteza nyumba, na bado anayeshangiliwa ni yeye! Baada ya hapo hakuna aliyebisha. Sheria ndogo ikapita: boti na chanja zibaki ufukweni, kulala watu hapana. Mdogo wangu akapewa kiwanja mlimani, na wakati wanajenga wakahifadhiwa katika chumba kimoja kwa ndugu wa shemeji. Chumba kimoja hakiwatoshi wao na mama. Nikamchukua.

Nilimpata, jamani! Nilimpitisha sokoni makusudi ili watu wamwone. Nyumbani nilimkataza kushika hata ufagio. Dada wa kazi alipika, alifua, alimwandalia maji ya kuoga, na mama alikaa barazani ndani ya koti langu zito, anatazama barabara. Nikitoka kazini namwuliza, "Mama, umekula?" Anajibu amekula. Halafu anaomba simu, ampigie mdogo wangu: wameezeka?

Siku simu ilipoita kwamba bati limepanda, nilirudi nikamkuta amesimama mlangoni, mzigo umefungwa kwa kanga. Nilishindwa kujizuia. "Mama, kwangu umekosa nini? Niambie! Kitanda? Chakula? Mimi si mwanao?"

Hakukasirika. Aliweka mzigo chini. "Sijakosa kitu, mwanangu. Lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nimekaa kwako mpaka mahindi ya watu yamekomaa, na jembe sijaliona. Kule wananiuliza kama dagaa wamekauka."

Nikaanza kusema nilitaka apumzike. Akanyanyua mkono.

"Nilikuwepo kwenye mkutano wako. Uliwasikiliza wote, hata walevi, maji yanafika wapi, nani akae wapi. Mimi mama yako hujaniuliza nataka kukaa wapi."

Basi nikamwuliza, palepale mlangoni, huku machozi yananitoka. Nilidhani atafikiri kidogo, hata kwa kunionea huruma.

Hakufikiri. "Kwa mdogo wako," akasema.