Spana Namba Kumi na Saba

Juzi dukani kwangu, hapa Malukhu mjini Mbale, mama mmoja alikuja na chupa ya soda kununua mafuta ya taa, kisha akayakataa kwa madai kwamba yamepungua kidole kimoja. Tukabishana. Katika kubishana yakamwagika kidogo juu ya kaunta na harufu ikapanda. Nikanyamaza katikati ya sentensi, jambo ambalo wateja wangu hawajalizoea. Yule mama akadhani ameshinda. Nikamjazia chupa, akaenda zake akitembea kwa madaha.

Harufu ile ni ya baba yangu. Mafuta ya ndege za kivita na mafuta ya taa ni ndugu wa tumbo moja, na ovaroli la baba lilinuka hivyo hata baada ya kufuliwa mara mbili na kuanikwa siku nzima kwenye jua la Jinja.

Tulikaa Kimaka, pembeni ya Jinja, nyumba ya vyumba viwili, ukuta kwa ukuta na familia nyingine za wanajeshi. Baba alikuwa sajini katika jeshi la anga, fundi wa ndege za kivita. Hakufanya kazi Jinja. Uwanja wetu wa Kimaka ulikuwa wa ndege ndogo tu, tena zilizosubiri ng'ombe wapite kwanza. Kambi yake ilikuwa mbali, safari ya siku nzima, na sisi tulimpata kwa likizo za siku tatu au nne.

Nikisema ndege za kivita, usifikirie msururu mrefu. Zile za kwanza za nchi yetu ziliteketea vitani kabla sijazaliwa. Nyingine, kwa maelezo ya baba, zilikufa kwa kukosa vipuri, kama baiskeli inavyokufa. Halafu zikaja hizi alizozihudumia yeye, zilizonunuliwa kuukuu kutoka nchi za baridi na kupakwa rangi mpya. Watu mjini waliziita zote migi, hata zile zisizo migi. Baba alipelekwa hukohuko kwenye baridi kuzisomea, akarudi na kofia ya manyoya ambayo Jinja haina kazi nayo, na vitabu vyenye herufi zilizopinduliwa kama viti baada ya harusi. Siku moja nikamuuliza ziko ngapi zote.

Akafikiri. "Za kuhesabu au za kuruka?"

Aliheshimu sana kuhesabu. Ndege ya kivita, alinieleza, ina tumbo lililojaa nyaya, mabomba na fimbo zinazosogea rubani anapougeuza usukani. Ukisahau spana humo ndani, itakaa kimya mpaka siku ndege itakapopinduka angani. Hapo spana nayo itatembea, ikajibane mahali fimbo inapopita. Rubani atavuta usukani, usukani utagoma. Kwa hiyo kabla ya kufunga tumbo hilo vifaa huhesabiwa. Mtu mmoja anasoma namba kutoka kwenye daftari, mwenzake anatazama mkoba wa turubai na kujibu: ipo. Namba moja, ipo. Namba mbili, ipo. Hivyo hadi ishirini na nne, kisha wanarudia tangu mwanzo. Mwishoni fundi anatia saini. Bila saini hiyo rubani haruhusiwi hata kupanda ngazi.

Nyumbani nasi tulihesabiwa. Vijiko vyetu sita vilihesabiwa kabla ya kula na baada ya kula. Mama, aliyekuwa akiuza samaki Masese, kwenye gati la ziwani, alichoka. "Baba Sauda," alimwambia, "hiki ni chakula, hakipai."

Nilikuwa na miaka kumi au kumi na moja likizo ile ilipokuja. Baba alifika Ijumaa jioni, amebebwa na gari la kambi lililokuwa na haraka, hata ovaroli hakuvua. Kesho yake mama akanipa nilifue. "Tazama mifuko kwanza," alisema, kama alivyosema kila mara. Katika mfuko mrefu wa pajani nikakuta spana ndogo, nyembamba, inayong'aa, imechongwa namba kumi na saba ubavuni. Mikono yangu ilikuwa na povu. Niliikausha ile spana kwanza, mikono baadaye. Nikaificha chini ya godoro.

Siwezi kusema sikujua ni ya baba. Nilijua. Nilijiambia kwamba anazo nyingine ishirini na tatu.

Jumatatu nilikuwa Masese na mama, katikati ya matandiko ya mukene, wale samaki wadogo wanaoanikwa mpaka wanakuwa vipande vya fedha. Wafula alikuwa anapakia. Alikuwa dereva Mkenya, mtu wa kanisa, msemaji, aliyebeba mukene kwa lori lake kupitia Mbale hadi kwao ng'ambo ya mpaka. Nyuma ya kiti chake alikuwa na kioo cha pembeni cha lori, kimepasuka ukingoni tu. Nyumbani tulikuwa na kipande cha kioo kinachoonyesha jicho moja kwa zamu. Nikamwonyesha spana.

"Hii itanifaa kwa pampu," alisema, akiigeuza. "Nitakupa biskuti."

"Hiyo ni ya ndege."

"Lori langu litajuaje?"

"Spana ya ndege haifunguki mdomo kama za lori. Kioo, na biskuti."

Alicheka mpaka mchukuzi akageuka. "Mama Sauda, mtoto wako ataniuza mimi mwenyewe siku moja!" Mama, aliyekuwa akipatana na mteja, alipunga mkono tu bila kutazama. Nikaondoka na kioo na pakiti mbili. Baba akarudi kambini kesho yake, na mimi nilijitazama uso mzima kwa mara ya kwanza maishani, nikiwa nimeridhika nao kiasi.

Baada ya siku tano gari la jeshi lilisimama mbele ya nyumba. Majirani walitoka, kisha wakaingia ndani kwa kasi ileile waliyotoka nayo. Akashuka Koplo Opio, kijana aliyefanya kazi chini ya baba. Alivua kofia, akasimama barazani, hakukubali kuketi.

"Mama, iko spana moja napotea," alisema. "Afande nasema, labda iko kwa ovaroli."

Mama akamkaribisha maji, akamtaka aeleze yote. Akaeleza. Ile Ijumaa alfajiri walikuwa wamemaliza ndege moja, mojawapo ya chache zilizokuwa zikiruka. Gari lilikuwa linapiga honi. Baba alisoma namba, Opio akajibu ipo, ipo, ipo, huku macho yake yako kwenye lile gari. Mara ya kwanza hivyo, mara ya pili hivyohivyo. Midomo yao ilihesabu ishirini na nne, mkoba ulikuwa na ishirini na tatu. Aliporudi, baba alimwaga mkoba wote mezani akahesabu peke yake, akaenda mwenyewe kwa mkubwa wake kusema spana moja haipo, na kwamba ile saini yake ya Ijumaa ifutwe.

Mkubwa hakufurahi. Ndege ilitakiwa kuruka wiki hiyo mbele ya wageni. Kulikuwa na spana ya ziada stoo. Ilikuwa rahisi kuitia mkobani, hesabu ikamilike, baba asaini upya. Akakataa. Sasa alikuwa amefungiwa chumba cha walinzi.

"Isipopatikana," Koplo alisema, "tunatoa injini, tunafungua ndege yote. Na Afande watamfukuza. Bila pensheni, bila kitu."

Mama akanigeukia. Hakuwa amekasirika bado. "Sauda. Ulitazama mifuko?"

"Nilitazama."

"Hapakuwa na kitu?"

"Hapakuwa na kitu."

"Uko hakika?"

"Hakika."

Koplo akatoa kidaftari akaandika. Nilimwona akiandika, herufi moja moja, kalamu ikigoma akailamba. Aliyaamini maneno yangu kuliko nilivyoyaamini mimi. Akavaa kofia, akamwambia mama, kwa sauti ya chini kama mtu anayetoa rambirambi, kwamba basi spana iko ndani ya ndege, nao watakwenda kuitafuta humo hata wiki tatu. Akashuka ngazi.

Nikamwahi mlangoni mwa gari. Sikulia. Nilisema tu, haraka, kama mtu anayetapika: "Iko kwa Wafula. Nilibadilisha na kioo."

Mama hakunipiga, na hilo ndilo lililonitisha. Aliingia ndani, akatoka na kile kioo amekifunga kwenye kanga, akapanda gari la jeshi mbele ya majirani wote, mimi nikakaa katikati yake na Koplo. Wafula, mama alikuwa amesikia sokoni, alikwama Malukhu na lori bovu, akilirekebisha kabla ya kupanda kwenda mpakani. Tulipita Iganga, tukapita mashamba ya mpunga ya Tirinyi, mpaka Mlima Elgon ulipoanza kuonekana.

Tulimkuta kwenye ua wa malori, amelala chali chini ya lori, miguu nje. Koplo, kwa haraka ya kumwokoa mkubwa wake, akasema kwa sauti ya paredi: "Wewe! Iko wapi mali ya jeshi?"

Miguu ikaganda. Ua ule ulikuwa na watu kama kumi na wawili, mafundi, mamantilie, wachukuzi. Nilipogeuka kuhesabu tena walikuwa wanne. Wakati ule watu wa kwetu walikuwa bado wanaikumbuka miaka ambayo Kiswahili cha namna hiyo, kutoka kinywani mwa mwenye magwanda, kilikuwa kitu cha mwisho ambacho mtu fulani alikisikia. Wafula akatoka chini ya lori mikono juu.

"Mkubwa, mimi ni dereva tu. Mgeni. Sina kitu cha serikali, naapa kwa Mungu. Pekua."

Koplo akapekua. Kisanduku cha vifaa, chini ya kiti, ndani ya gunia la mukene. Hakuna. Wafula akaapa tena. Alinitazama mimi mara moja tu, akageuza uso.

"Koplo," mama akasema, "mwanangu, nenda kasimame kule barabarani. Vua na hiyo kofia."

Koplo alitaka kubisha, kisha akaenda. Mama akanipa kile kioo, akanisukuma mbele kwa kidole kimoja mgongoni.

Maneno yangu yote ya Masese yalikuwa yamekwisha. Nikakiweka kioo kwenye bampa la lori. "Mjomba Wafula, ile spana haikuwa yangu. Niliiba. Wewe hukuiba, mimi ndiye niliyeiba. Baba amefungwa kwa ajili yake. Biskuti nimekula, siwezi kurudisha."

Wafula akashusha mikono. "Baba yako ndiye mwenye ile ndege?"

"Ndiye anayeifunga."

Akaenda kwenye tairi la akiba, akaingiza mkono katikati ya rimu, akachomoa kopo la grisi. Akazamisha vidole viwili. Spana ikatoka nyeusi yote. Nikaifuta kwa gauni langu mpaka namba ikaonekana, nikaisoma, nikaigeuza nikaisoma tena. "Chukua na kioo," Wafula alisema. Mama alikataa.

Ndege ile iliruka, kwa kuchelewa. Baba alitolewa chumba cha walinzi, lakini kuna mtu alipaswa kulipa, maana spana ya jeshi ilikuwa imeonekana kwenye kopo la grisi la dereva wa lori. Wakamvua mstari mmoja wa bega. Likizo iliyofuata alirudi nyumbani koplo, cheo kimoja na Opio, ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kushika bisibisi. Kambini alisema spana ilitoka mfukoni mwake, na hakuongeza jina lolote.

Miaka ikapita, na ndege nazo zikapitwa. Zikaja mpya kabisa, kubwa, za injini mbili, mikia miwili, zenye kompyuta kila mahali. Zile kuukuu zilisukumwa pembeni, nyasi zikaota kwenye magurudumu. Vijana walichaguliwa kwenda kuzisomea hizo mpya; baba hakuchaguliwa. Cheo chake hakikutosha na umri wake ulizidi. Alistaafu, tukahamia Mbale kwa ndugu zake. Kijana mmoja aliyekuja kumsalimia alimweleza kwamba siku hizi kila kifaa kina shimo lake lililokatwa kwa umbo lake hasa, kisipokuwepo shimo linakukodolea macho. Baba alifurahi kweli. Alimfanya aeleze mara tatu.

Mchana mmoja, ndege mbili kati ya hizo mpya zilipita juu ya Mbale, katika mazoezi ya sherehe, na mabati yote ya Malukhu yakaimba. Baba alikuwa amekaa akichambua maharage. Alizifuata kwa macho mpaka zikamezwa na mlima. Nilikuwa mtu mzima tayari, mwenye watoto, na kuna swali nililokuwa nimelibeba tangu barazani Kimaka.

"Baba, ile spana haikuwemo ndani ya ndege hata siku moja. Ungesaini, ndege ingeanguka?"

"Isingeanguka."

"Basi ulipoteza mstari bure. Na hizi mpya ungezisomea wewe."

Alitoa jiwe moja kwenye maharage, akalitupa. "Sikujua iko wapi, Sauda," alisema. "Kuna mtu alikuwa anataka kupanda mle ndani."

Maisha yangu yote ni kupatana, na kwa miaka mingi nililipima jambo lile kama mpatanaji: mstari wa bega, mshahara, masomo ya ndege mpya, dhidi ya hatari ambayo haikuwepo. Kwa hesabu hiyo baba alipunjwa. Nilichelewa kuona kwamba wiki ile tuliombwa sote wawili kitu kimoja, mimi barazani, yeye kambini. Mimi niliulizwa mara tatu kama mambo yako sawa, nikasema yako sawa nikijua hayako. Yeye aliambiwa aandike kwamba yako sawa, akakataa kwa sababu hajui. Sote wawili tulikuwa na hofu. Ya kwake ilikuwa ni kwa ajili ya rubani ambaye hata jina lake sikuwahi kuambiwa.