Ng'ombe wa Elia

Siku ile naikumbuka, Neema mwanangu, kuliko hata siku niliyovishwa sare. Nakuhadithia kwa sababu jana ulikuja hapa kwangu Bredäng mbio na barua mkononi, ukasema, "Baba mukubwa, wamenikubali shule ya polisi," na kwa mara ya kwanza mwaka huu uliniambia sentensi nzima bila Kiswidi ndani yake. Nilifurahi kweli. Lakini ulipoondoka nilikaa na chai yangu mpaka ikapoa.

Baba yako hupenda kukusimulia uaskari wangu, na huongeza chumvi. Ukweli ni mfupi. Nilikuwa mwanajeshi miaka miwili, kisha nikahamishiwa polisi ya mpakani, kwenye kituo kidogo kando ya mto unaotutenganisha na Burundi. Nyumbani tulikuwa wafugaji. Nilipokuwa jeshini wanyang'anyi walivamia kilima chetu, na niliporudi likizo nilikuta zizi la baba yangu limebaki nusu. Sikuuliza mengi. Nilibeba hasira tu, nikarudi nayo kazini.

Asubuhi moja akafika kituoni mtu wa makamo aitwaye Elia, anaswaga ng'ombe sita kwenda ng'ambo. Wa mbele alikuwa jike mwekundu mwenye baka jeupe ubavuni, pana kama kiganja. Huyo nilimchunga mwenyewe tangu akiwa ndama, na mfugaji hamsahau ng'ombe wake. Nikamuuliza Elia amempata wapi. Akajibu kwa utulivu kwamba alipewa zawadi, akataja jina la baba yangu.

Mwanangu, nilimzaba kofi. Niliona mwizi anajikinga kwa jina la baba yangu mbele ya macho yangu. Akanieleza kwamba anapeleka mahari ya mwanawe anayeoa ng'ambo, wakwe wanamngoja kesho yake, na akaniomba nitume mtu kwetu akaulize, kwani ni mwendo wa nusu siku tu. Nikamfungia. Sikuwa na haraka, maana nilitaka kwanza mkubwa wangu arudi safari amwone mwizi niliyemkamata. Siku ya tatu ndipo nilipomtumia baba habari aje achukue mali yake, kisha nikapiga pasi sare nimsubiri.

Baba alifika siku ya nne, kwa miguu. Hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa mahabusu, akavua kofia, akamwita Elia, "Ndugu yangu." Hapo ndipo niliposikia kwamba siku ya uvamizi Elia alimficha mama yangu nyumbani kwake, na baba akampa ng'ombe yule, kama desturi yetu inavyotaka kati ya watu walioshikana namna hiyo. Macho yangu hayakukosea hata kidogo. Ng'ombe alikuwa yuleyule.

Baba akanigeukia. "Ng'ombe ulimujua," akasema. "Mutu ukakataa kumujua." Kisha akaniagiza nivue kofia, nifuatane na Elia mpaka kwa wakwe, niwaambie kwa kinywa changu kwamba aliyemchelewesha ni mimi.

Nilikataa. Wenzangu walikuwa wanatazama, nikasema niko zamu. Hilo ndilo kosa langu, mwanangu, na ni kubwa kuliko lile kofi. Elia akavuka peke yake, akakuta wakwe wameshahesabu kuchelewa kwake kuwa ni dharau, na binti hawakumtoa tena. Baba yangu alifariki baada ya muda, na vita vikaja vikatutawanya sote.

Mengine unayajua. Nilifika huku Uswidi mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikawa nasafisha ofisi kule Kista. Jumapili moja, baada ya ibada kanisani kule Tumba, mzee mmoja alikuwa anawamiminia watu kahawa. Alikuwa Elia. Alinipa kikombe, akaniuliza kama natia sukari, na sikuweza kujua kama amenitambua. Niliona aibu, nikaweka kikombe mezani bila kukinywa, nikaondoka. Kwa wiki tano baada ya hapo nilimwambia kila mtu kwamba mgongo unaniuma, siwezi kwenda kanisani.

Mama yako mkubwa, mke wangu, ndiye aliyenichoka. Aliniuliza ni mgongo gani huo unaouma Jumapili tu. Basi nikaenda nyumbani kwa Elia, nikavua kofia mlangoni, nikamsimulia nilichomfanyia kana kwamba yeye hakuwepo. Nikamwambia nitamtafutia ng'ombe kule nyumbani.

"Ng'ombe nitamuchunga wapi? Hapa Tumba?" akasema, akacheka. Kisha akaacha kucheka. Akaniambia mwanawe yuko Uvira, na mpaka leo anaamini kwamba baba yake alichelewa makusudi kwa kuwa hakumpenda yule binti. Hawajasemezana miaka mingi. "Nilimuambia nilifungwa, hakusadiki. Shahidi aliyebaki ni wewe."

Akatoa kadi ya kupigia simu, akabonyeza namba ya mwanawe, akanipa. Nikataja jina langu, kituo, zile siku nne, na kofi. Halafu sauti ikasema, "Mupe baba simu." Nikampa, nikatoka nje kwenye roshani. Baridi ilikuwa kali na koti nililiacha ndani, lakini sikurudi mpaka Elia alipokuja mwenyewe kuniita, macho yake mekundu.

Basi, Neema, utavaa sare. Utasimama kwenye kituo cha treni, utamwona kijana wa watu, na utakuwa na hakika. Huenda ulichokiona kikawa kweli kabisa. Muulize hata hivyo, na jibu lake ulifuatilie kabla hujamfungia mlango. Ukikosea, nenda ukaseme "ni mimi" siku hiyohiyo, na wenzako wakitazama, watazame. Ile safari niliyoikataa mbele ya wenzangu, mimi niliifanya kwa miaka thelathini.

Mungu akulinde kila uendako, akupe macho ya wafugaji wa kwetu na masikio ambayo mimi sikuwa nayo. Elia ni mzee sana sasa, lakini amesema siku utakayovaa sare atakuja kukuona. Ukimwona, vua kofia kwanza, ndipo umsalimie.