Mwaka Tuliowapa Wageni Uji

Watu wa laini yetu walikuwa na ugonjwa uliowashika kila Desemba na kuwaachilia katikati ya Januari, wakiwa hawana hata chumvi. Laini ni zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari mmoja kwenye shamba la kahawa, na letu lilikuwa nje kidogo ya Ruiru. Mimi niliolewa hapo nikitokea upande wa Gatuanyaga, kwenye vumbi na ukame, ambako mtu akimwaga maji ovyo anaulizwa kama ana akili timamu. Labda ndiyo sababu ugonjwa ule haukunishika. Au labda ni roho mbaya tu, kama walivyosema. Waliosema ndio waliokuja baadaye kuniomba chumvi, kwa hiyo sikuwahi kujali.

Ugonjwa ulianza na pesa za kuchuma. Kahawa yetu iliiva sana kuanzia Oktoba, na sisi wanawake tulilipwa kwa debe. Ikifika Krismasi, kila mwanamke ana kitu amekifunga kwenye pindo la leso, na waume nao wamepokea mshahara. Basi vichwa vinavimba. Mtu aliyekula githeri mwaka mzima bila kulalamika anaanza kusema chakula hakishuki bila nyama. Mwanamume ambaye shati lake lina viraka mgongoni anatoka madukani amevaa kofia mpya. Sijui alikuwa anafunika nini.

Lakini kofia zilikuwa mchezo. Wazimu wenyewe ulikuwa chai ya mwaka mpya. Siku ya kwanza ya mwaka, tukitoka kanisani, laini nzima ilipita nyumba kwa nyumba ikiimba, na kila nyumba ililazimika kutoa chai ya maziwa iliyojaa sukari, na mkate uliopakwa siagi pande zote mbili. Nyumba ya mwisho ndiyo iliyobeba msalaba. Huko watu walikaa kitako, wakala wali na kuku, wakaombewa mwaka. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya zamu, na mwenye zamu alikopa hata kwa watu asiowajua. Wazee walisema kukopa arusi, kulipa matanga, na laini yetu ilifanya arusi kila mwaka.

Halafu kulikuwa na vikombe. Mke wa nyapara alikuwa na vikombe vyeupe vya kaure vyenye mstari wa dhahabu mdomoni. Wageni wakiwa bado wanaombea nyumba ya tatu, wasichana wanapita nyuma na karai, wanavisuuza mbio mbio, wanavifikisha nyumba ya nne. Wageni wakiingia nyumba ya nne wanavikuta vimepangwa, bado vina joto la vidole vyao wenyewe, na wanashangaa. Wanamwambia mama wa nyumba kwamba kweli amejua kupamba. Naye anainamisha uso kwa haya, kana kwamba alivinunua yeye. Miaka mingi nilitazama mambo hayo mkate ukiwa mdomoni, nisijue nani anamdanganya nani, maana hata aliyedanganywa alikuwa amesaidia kuviosha.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa karibu na mwisho wa miaka ya hamsini. Ile kamba ya Hali ya Hatari ilikuwa imeanza kulegezwa, watu wanaruhusiwa tena kukusanyika na kuimba, na nadhani hilo liliongeza wazimu. Mwaka huo binti yetu wa kwanza alifanya mtihani wa darasa la nne akapita. Kutoka laini yetu walipita watatu tu: yeye, kijana wa nyapara, na msichana wa jirani yangu tuliyetenganishwa naye na ukuta mmoja. Shule ya kuendelea na darasa la tano ilikuwa upande wa Thika, watoto wanalala huko huko. Masharti yalikuwa wazi. Siku ya kufungua, mtoto afike na karo, sanduku, blanketi na sare. Asipofika, nafasi yake anapewa mwingine, na mlango huo haufunguki mara ya pili. Msichana aliyefungiwa alijua pa kwenda: kwenye kahawa na debe, kisha kwa mume. Njia hiyo nilikuwa nimeipita kwa miguu yangu. Sikuitaka kwa mtoto wangu.

Basi ndipo mke wa nyapara akaja kwangu, akitabasamu kwa meno yote, kunikumbusha kwamba mwaka huu nyumba ya mwisho ni yetu.

Mume wangu alifurahi, eti ni heshima. Yeye alifanya kazi kwenye meza za kuanikia kahawa, mtu mpole, si mlevi, hajawahi kuniinulia mkono. Shida yake ilikuwa moja: midomo ya watu. Mtu akikohoa nyuma yake, alidhani anasemwa. Siku tatu baada ya zamu kutangazwa alikuwa ameshapita kwa mwenye duka wa Ruiru na kuagiza mchele, sukari, siagi, jamu, mikate ya kulisha jeshi, na bati la biskuti lenye picha ya maua. Vyote vya kukatwa kwenye mshahara wake wa mwezi huo na ule uliofuata. Nilipomuuliza binti ataenda shule na nini, alisema Mungu hawezi kukosa njia. Nilimwambia Mungu ameshatoa njia, imepitia kwenye mshahara, na yeye ameiziba kwa biskuti.

Aliniuliza watu watasema nini. Hilo ndilo neno lake, alilala nalo na kuamka nalo. Tulibishana hadi jirani akagonga ukuta.

Kesho yake asubuhi nilifungua pindo la leso yangu, nikaenda Thika. Nilinunua sanduku la bati jekundu, blanketi, na kitambaa cha sare. Sikubakiza kitu, kwa makusudi, maana pesa iliyobaki nyumbani mwetu ingepata mguu. Nikiwa narudi nilishuka Ruiru, nikaingia dukani sanduku likiwa kichwani. Duka lilikuwa limejaa watu wa laini yetu, kila mmoja anaonja sukari kwa kidole. Nilimwambia mwenye duka kwamba ile oda ya mume wangu, yote, aifute.

Alinitazama juu ya miwani. Akasema mume ndiye aliyeagiza, mume ndiye wa kufuta.

"Mume ataagiza, lakini mshahara unaliwa na mimi," nikamwambia. "Ukimpa hivyo vitu, usije kwangu mwezi wa pili na daftari."

Alikuwa mtu wa biashara, alijua sauti ya mteja asiyelipa. Akafuta. Nyuma yangu nikasikia miguu inakimbia kwenda kueneza habari. Nilipofika nyumbani, mume wangu alikuwa ameshasikia. Hakupiga kelele. Aliketi kwenye kitanda, akatazama lile sanduku jekundu, akaniambia nimemvua nguo sokoni. Nilimjibu kwamba nguo zenyewe zilikuwa za kukopa. Hakunisemesha mpaka Krismasi ikapita, na mshahara alipoupata aliuweka mezani, akatoka. Niliufunga pamoja na karatasi ya shule, ukawa karo.

Siku ya mwaka mpya ikafika. Niliamka mapema nikapika uji wa mtama na wimbi, sufuria kubwa, na mwingine mdogo wa watoto. Nikachemsha viazi vitamu na nduma. Vikombe vilikuwa vya bati, vyangu, vingine vimebanduka rangi. Wageni walipokuwa nyumba ya jirani, wasichana walikuja mlango wa nyuma wakihema na lile karai la vikombe vya dhahabu. Niliwaambia wavirudishe kwa mwenyewe, vimechoka, vimezunguka sana. Wakatazamana. Mmoja akacheka, akaziba mdomo.

Wageni wakaingia wakiimba. Wimbo ulifika mstari wa pili ukafa, kwa sababu waliokuwa mbele waliona meza. Nyapara alivua kofia akaivaa tena. Mume wangu alikuwa kwenye kona karibu na mlango, macho kwenye viatu vyake, na nilimwonea huruma, nasema ukweli, lakini si huruma ya kumnunulia bati la biskuti.

Mke wa nyapara aliketi polepole, akavuta sketi yake isiguse kiti.

"Sisi kwetu," akasema, "mwaka haufunguliwi na uji."

"Tumbo halijui tarehe, mama," nikamjibu, nikamwekea kikombe mkononi.

Walikunywa. Wangefanya nini? Walikuwa wameshapita nyumba nyingi, wamejaa sukari mpaka meno yanauma, na niliwaona kwa macho yangu wakirudia nduma. Lakini walirudia kwa uso wa msiba. Nyapara aliomba sala ndefu, akamsihi Mungu awalegeze wenye mikono migumu na awaponye wanawake wanaowatawala waume zao. Niliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Walipotoka hawakuimba. Jirani yangu wa ukuta mmoja, ambaye tulichuma naye mstari mmoja miaka yote ile, alipita bila kuniaga. Mume wangu naye alitoka, akarudi jioni, akalala akiwa amegeukia ukuta.

Sasa nikuambie kuhusu Januari. Januari kwenye laini ilikuwa mwezi wa kunyemelea. Kahawa imekwisha, jua linachoma, posho ya wiki inaisha kabla ya wiki. Watu walipita njia ya nyuma ya choo ili wasionekane na mwenye duka. Kofia mpya zilirudi dukani kama rehani. Na kwangu, kwenye mlango ule ule wa nyuma uliokataa vikombe, yakaanza kuja mabakuli. Unga kidogo. Chumvi kidogo. Kipande cha sabuni. Niliwapa. Sikuwapa kimya, sina kipaji hicho. Kila mmoja nilimuuliza kama angependa nimwekee kwenye kikombe cha dhahabu, na kila mmoja alicheka kicheko cha mtu mwenye bakuli tupu. Mke wa nyapara hakuja mwenyewe, alituma msichana, na kwao pia hakuna aliyetaja tena shule ya kijana. Nilimjazia bakuli.

Na ndani ya nyumba yetu kulikuwa na kitu nisichokizoea. Kulikuwa na utulivu. Jioni tulikunywa chai ya maziwa isiyo na sukari, ambayo ukiizoea ina utamu wake, na hatukushtuka mbwa akibweka. Mtu akibisha, ni mtu tu, si mdai. Mume wangu alikaa siku nyingi bila kunisemesha zaidi ya haja. Halafu jioni moja mwenye duka akapita kwenye laini na baiskeli yake, watu wakizimika ndani kama taa, milango inafungwa mmoja mmoja. Alipofika kwetu, mume wangu alikuwa nje ameketi kwenye kigoda, miguu ameinyoosha njiani. Akamsalimia, akamuuliza habari za nyumbani, wakazungumza mvua. Mwenye duka akaenda zake. Mume wangu alibaki pale muda mrefu, kisha akaanza kucheka peke yake, mabega yakitikisika. Akaniomba nimwongezee chai. Nilijua tumeshapona.

Jirani yangu nilimsikia ukutani usiku huo akimwambia binti yake kwamba atakwenda shule mwaka ujao. Mwaka ujao. Alijua, nami nilijua, na nadhani hata mtoto alijua. Hasira zilinipanda hata nikashindwa kulala. Nilitaka kugonga ukuta na kumuuliza siagi ile ilikuwa na ladha gani. Asubuhi nilikwenda kumwomba tuone kama tunaweza kuchangisha kitu. Akaniambia nisimletee majivuno yangu nyumbani kwake, wao si watu wa kuombewa michango, wao ni watu wanaopokea wageni vizuri.

Siku ya kufungua shule tulipata nafasi kwenye lori la shamba lililopeleka magunia ya kahawa Thika. Dereva alituruhusu kukaa juu ya magunia. Mume wangu alishika sanduku jekundu magotini njia nzima, hakumruhusu mtu kulishika, hata binti mwenyewe. Tuliposhuka alilibeba begani mpaka uwanja wa shule, ametangulia mbele yetu, akisalimia watu asiowajua.

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni akiwapokea watoto. Alipokea karo, akamkagua binti yetu kucha na kola, akamwonyesha bweni. Binti alikwenda bila kugeuka nyuma, sanduku linamgonga mguu. Kisha mwalimu akatuuliza shamba letu ni lipi. Mume wangu alipomtajia, mwalimu alisema kutoka huko alitarajia watoto watatu. Wale wengine wawili wako wapi, wameugua?

Mume wangu alivua kofia yake ya zamani. Alitazama njia tuliyokuja nayo, kama mtu anayetumaini kuona wengine wakija. Mimi nilikuwa na jibu tayari, kali, nimelinoa tangu mwaka mpya. Lakini yeye ndiye aliyejibu.

"Hawakuugua, mwalimu," akasema. "Walikuwa na wageni."

Mwalimu alicheka, akidhani ni mzaha. Sisi hatukucheka. Akatutazama mmoja mmoja, kisha akawaita watoto wawili waliokuwa wamesimama na wazazi wao nje ya lango tangu asubuhi, wakingojea kama patapatikana nafasi.