Karani wa Bahati Nasibu Siku za Emajensi

Asubuhi niliyoanza kazi ya bahati nasibu sikuonyeshwa tiketi hata moja. Bwana Katibu, Mzungu mrefu aliyekuwa mkubwa wa mfuko wetu, alinipeleka nyuma ya hospitali pale Meru mjini, akanisimamisha mlangoni pa banda la mabati. Ndani, akina mama wajawazito walilala wawili wawili kitandani, na waliokosa kitanda walilala kwenye mikeka.

"Umeona, Mugambi?" aliniuliza kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. "Hii ndiyo sisi nauza. Tiketi ni karatasi tu."

Nilikuwa kijana kutoka Kianjai, nimemaliza shule juzi tu, na mwandiko wangu ulisifiwa. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, ambayo sisi tuliiita emajensi, serikali ya kikoloni ikipigana na wapigania uhuru waliojificha msituni. Kutoka Meru kwenda Embu ulihitaji pasi, na asiyekuwa nayo alilala korokoroni. Mfuko wa kujenga wodi ya akina mama ulinipa pasi, baiskeli, begi la turubai na cheo cha karani wa tiketi. Mama aliposikia kazi yenyewe aliniuliza kama alinisomesha ili nikachezeshe watu kamari. Nilimweleza habari za lile banda, akanipigia shati pasi.

Wajukuu wangu hucheza bahati nasibu kwa simu na hawajui nani anachagua wala anachaguaje. Yetu ilikuwa ya wazi. Kila tiketi ilikuwa na sehemu mbili zenye namba moja. Mnunuzi aliondoka na sehemu yake, na ile nyingine, niliyoiandika jina lake na mahali anapokaa, ilibaki kitabuni kwangu. Siku ya droo, yaani siku ya kuchagua washindi, sehemu zilizobaki vitabuni zilikatwa na kutiwa katika pipa la mbao lililozungushwa kwa mkono. Tiketi ambazo hazikuuzwa zilichanwa mbele ya watu, zisije zikashinda bila mwenyewe. Muuguzi alifungwa macho kwa kitambaa, akaingiza mkono. Ya kwanza kutoka ilipata zawadi kubwa. Zilizofuata zilipata blanketi, jembe, au sufuria, na zawadi hizo ndogo tuliziita kifuta machozi.

Kuhusu uwezekano wa kushinda, Bwana Katibu alinifundisha kwa maharagwe. Alijaza debe, akatia wino haragwe moja, akalichanganya na mengine, kisha akaniambia nifumbe macho nilitafute. Kila nilipotoa haragwe lisilo lenyewe alilirudisha na kuchanganya upya. Nilitoa maharagwe mpaka mkono ukachoka.

"Sasa nimekaribia, bwana?" nilimuuliza.

"Hapana. Haragwe haijui wewe umechoka." Alicheka, kisha akawa mkali. "Usiambie mtu atashinda. Sema anaweza. Akiuliza, onyesha yeye debe."

Watu wengi walidhani aliyekosa droo iliyopita anasogea mbele kwenye foleni. Wengine walifurahi kuona tiketi zinanunuliwa kwa wingi, wasijue kwamba pipa likijaa, nafasi ya kila mmoja inapungua. Anayefaidika na pipa lililojaa ni wodi. Hayo niliyaeleza sokoni mpaka sauti ikakauka, na kusema kweli hakuna aliyeacha kununua kwa sababu yake.

Baadaye nilihamishiwa Embu, kituo changu cha pili. Niliuza Ishiara siku za gulio, jua likinichoma kichwa, na niliuza katika vijiji vya kule juu, karibu na mlima. Nasema vijiji, lakini msifikirie vijiji vya siku hizi. Watu walikuwa wameondolewa mashambani mwao na kukusanywa mahali pamoja, nyumba zimebanana, handaki lenye miti iliyochongwa limezunguka pande zote, na lango linalindwa na homugadi, askari wa nyumbani waliokuwa upande wa serikali. Kutoka kwenda shambani ni kwa saa walizopanga wao.

Katika kijiji kimoja upande wa Kanja, mwanamke mmoja alikuja na pesa za mayai. Alikuwa mwembamba, amejifunga leso kuukuu. Nilimwambia kama nilivyofundishwa, kwamba atakayeshinda ni mmoja tu kati ya watu wengi sana.

"Mume wangu askari walimchukua peke yake kati ya watu wa kilima kizima," alinijibu kwa Kiembu, ambacho sisi Wameru tunakisikia vizuri. "Mmoja kati ya wengi nimeshamwona. Andika. Ciarunji, mke wa Njiru."

Niliandika. Nikamkatia tiketi yake.

Zawadi ya kwanza mwaka ule ilikuwa cherehani mpya kabisa, imetolewa na Mzee Abdalla, Mwislamu aliyekuwa na duka la nguo Meru mjini na lori la kubebea mizigo. Dini yake ilimkataza kamari, na tiketi zetu hakuzigusa hata kwa kidole. "Mimi nawapa wodi cherehani," alituambia. "Nyinyi mtajua mtakavyoitoa." Droo ilifanyika Embu mjini, kwenye uwanja, mbele ya umati. Muuguzi akatoa karatasi, nikapewa niisome. Lilikuwa jina la Ciarunji.

Sheria ya kudai zawadi ilikuwa hivi: mshindi alete tiketi yake ndani ya mwezi mmoja, namba zilinganishwe, atie sahihi au kidole gumba. Mwezi ukipita, zawadi inarudi kwenye pipa. Bwana Katibu, akitaka kumsaidia mshindi, aliomba gari la serikali lenye kipaza sauti lipite vijijini kumtangaza. Lilipita likisema, "Ciarunji mke wa Njiru, fika ofisini!" Hakuja. Likapita tena. Hakuja. Wiki zikaenda.

Nilipanda baiskeli mwenyewe. Langoni homugadi alisema hamjui mtu huyo. Mama aliyekuwa anatwanga hakumjua. Mzee mmoja alinitazama begi, akanitazama viatu, akasema Ciarunji alikufa zamani. Nilirudi njia nzima nikijiuliza, na karibu na daraja ndipo nilipoelewa. Gari lile lile ndilo lililotumwa kuita majina ya watu wa kuhojiwa. Aliyeitwa alipandishwa nyuma, na wengi hawakurudi. Sisi tulidhani tunapeleka habari njema, kumbe kijiji kizima kilikuwa kinamficha mwenzao.

Nilimweleza Bwana Katibu. Uso ulimwiva. "Gari ilikuwa wazo yangu," alisema. "Mjinga mimi." Lakini hakujua tufanye nini, na mwezi ulikuwa unaisha. Aliyetupa njia ni Mzee Abdalla, aliyekuwa ameleta mzigo Embu siku hiyo.

"Pelekeni cherehani yenyewe," alisema. "Mwanangu, umeshaona mtu anayekamatwa akipelekewa cherehani? Pakia, twende."

Tulifika Kanja saa ambazo wanawake wanatoka shambani. Mzee Abdalla aliishusha cherehani nje ya lango, akaiweka juu ya sanduku, akavuta debe akakaa. Hakutangaza kitu. Alimwita mtoto aliyevaa shati lililochanika bega, akamvua, akaanza kushona. Mlio wa cherehani ulivuta watu mmoja mmoja. Mwanamke akaleta sketi. Mwingine akaleta blanketi lililotoboka. Homugadi naye, baada ya kusitasita, alileta koti lake.

Nilimwona Ciarunji amesimama nyuma ya wenzake. Nilimtambua mara moja. Nilitazama pembeni, nikajifanya napanga nyuzi.

Alisogea polepole mpaka akafika karibu nami. "Na huyo Ciarunji wenu," aliuliza kwa sauti ya chini, "asipokuja, mashine itakwenda wapi?"

"Itapewa mtu mwingine, mama. Lakini sisi tungependa aichukue mwenyewe."

"Akiichukua, mtataka aseme nini?"

Sikuelewa. "Aseme nini kuhusu nini?"

"Kuhusu mume wake. Kuhusu watu wa msituni. Hakuna mtu anapewa kitu siku hizi kabla hajasema."

Mzee Abdalla alisimamisha gurudumu kwa kiganja. "Dada yangu," alisema, "hii nimeitoa mimi, na mimi nauza vitambaa. Sina haja ya habari za mtu. Labda useme tu unataka nyuzi rangi gani."

Alitutazama sote wawili, zamu kwa zamu. Kisha akainama, akafumua pindo la leso yake kwa meno, akatoa tiketi aliyoishonea humo. Ilikuwa imelainika kama kitambaa, lakini namba ilisomeka. Nilimpa wino, akatia kidole. Wanawake walimpigia vigelegele, na yeye akafunika uso kwa mikono, akalia pale pale mbele ya lango.

Njiru alirudi emajensi ilipokwisha, amekonda, anakohoa. Nilisikia kwamba alimkuta mkewe akishona sare za shule, na watoto wote wameshiba. Na sisi, tangu siku ile, hatukusoma tena jina la mshindi hadharani. Tulisoma namba peke yake, kila mtu akajitazamia tiketi yake kwa siri. Nilifanya kazi hiyo miaka mingi, chini ya makatibu wengine, wa mwisho wakiwa wenyeji wenzangu, na hakuna aliyeibadilisha sheria hiyo. Wodi ilijengwa. Binti zangu wawili walizaliwa humo.

Karani haruhusiwi kununua tiketi, kwa hiyo sikuwahi kucheza mpaka nilipostaafu. Mwaka uliofuata kanisa letu lilifanya bahati nasibu ya kuezeka paa, zawadi ikiwa ng'ombe wa maziwa, nikanunua tiketi moja. Mimi ninayejua habari ya debe la maharagwe nilianza kumtafutia ng'ombe yule mahali pa kulala. Nilipima zizi. Nilimuuliza mke wangu tumwite nani. Siku ya droo, ng'ombe alichukuliwa na jirani. Nilikwenda kumpongeza, nikampelekea majani ya ng'ombe niliyokuwa nimeshayakata.