Kamioneti Iliyosema Ndiyo na Hapana

Asubuhi ile mama alimwita baba mwoga mbele ya majirani, na baba akakubali.

Alikuwa ameegemea mlango wa kamioneti yetu, gari letu dogo la mizigo, kitambaa cha mafuta begani. Mama alisimama mbele yake na kikapu cha chakula cha njiani, tayari kumkabidhi. Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa peke yake kijijini Runingu, kaskazini ya mji wetu, na tulikuwa tumesikia kwamba barabara ya bondeni ilikuwa wazi siku hiyo, labda siku hiyo tu. Baba hakutaka kuondoka kwa sababu taa za kona zilikuwa zimeharibika.

Majirani walicheka. Nani anahitaji taa za kukata kona kwenye barabara inayonyooka bondeni kama kamba ya kuanikia nguo? Lakini vita ilikuwa imezipa taa hizo kazi nyingine. Madereva wa bonde la Ruzizi walizungumza nazo. Ukikutana na gari linalotoka unakokwenda, dereva wake akiwasha ya kuume, alikuambia upite, nyuma yake kulikuwa salama. Akiwasha ya kushoto, ulitafuta mahali pa kugeuzia, hukuuliza. Hawakusimama kuulizana habari, maana gari lililosimama bondeni siku zile lilikuwa limekwisha kupata mwenyewe mwingine. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Watu waliogombania abiria mjini hadi kutukanana mama zao waliambiana ukweli kule, taa kwa taa, wakapita.

Na kamioneti yetu, ukiwasha ya kushoto, ilipepesa kushoto kwa unyonge na kuume ikapepesa pamoja nayo.

“Weye uko unaogopa tu,” mama alisema. “Sema uko unaogopa.”

“Niko naogopa,” baba alisema. “Gari iko inasema ndiyo na hapana. Nitakutana na muntu, ataona ya kuume, atapita, atakufa. Minye nitarudi hapa nikule?”

Mama aliweka kikapu chini, akageuka kutazama ziwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa upande wake kabisa. Bibi alikuwa nyama na damu. Taa zilikuwa taa.

Kamioneti yenyewe ilikuwa na umri kunishinda mimi. Vita ilipokaribia mji mara ya kwanza, tuliifungua kama watu wanavyochinja ng’ombe, kila jamaa na sehemu yake. Betri ililala chini ya kuku wa shangazi. Magurudumu yalikwenda kwa wajomba wawili. Taa zote nne za kona mama alizifunga kwenye kitenge na kuzitia ndani ya gunia la maharage. Kisha mama akaomba kwa wavuvi rangi ya buluu wanayopaka mitumbwi, nzito kama uji, akaipaka kamioneti nzima ili ionekane takataka. Nilimsaidia. Tulipaka bodi, tukapaka bampa, tukapaka hadi mashimo yalimokaa taa. Askari waliingia uani mara tatu, wakatazama mtumbwi ule usio na magurudumu, wakatoka. Hadi leo sijui mtu aliyewahi kuwashinda askari kwa brashi isipokuwa mama yangu.

Sasa sehemu zote zilikuwa zimerudishwa mahali pake, injini iliwaka, na ilikuwa saa mbili asubuhi. Baba na mimi tulibadilisha balbu. Tulibadilisha fyuzi. Baba alichomoa kile kikopo kidogo kinachozifanya taa zipepese, akakitikisa sikioni, akakirudisha. Kushoto iliendelea kumwita kuume. Saa tatu ikapita.

Mwishowe baba akanituma kwa fundi wa redio. Alikuwa mkulima wa Nyakabere, Mrundi wa bondeni aliyekimbilia mjini kwetu akiwa na baiskeli na sanduku la waya, na alitengeneza redio kwa sababu hakuwa na shamba la kulima. Alikuja bila haraka. Aliizunguka kamioneti mara mbili, mikono nyuma, kama anayetazama shamba la mwenzake. Baba alianza kumweleza tulichofanya, akiivuta swichi ya usukani kwa nguvu kushoto, kuume, kushoto. Fundi akamwekea mkono begani.

“Buhoro,” alisema kwa lugha yake. Polepole.

Kisha hakugusa kitu. Nilimwona akitazama taa ikipepesa, na midomo yake ilihesabu. Nilikuwa nimezoea watu wanaogonga kitu kilichoharibika. Sikuwa nimeona mtu anayekisikiliza kwanza. Alitoa kwenye sanduku waya mmoja mrefu, akashikiza ncha moja kwenye upande hasi wa betri, na ncha nyingine akaigusisha kwenye chuma cha taa ya kushoto. Mara ile ile taa ikapepesa kwa nguvu, safi, yenyewe peke yake. Kuume kukawa giza. Aliuondoa waya, uongo ukarudi. Aliurudisha, ukweli ukarudi.

“Rangi mulipaka lini?” aliuliza.

Mama, aliyekuwa bado ameligeuzia gari kisogo, aligeuka.

Fundi alitueleza kama anavyoelezwa mtu mzima, bila kutucheka. Umeme ukishaingia kwenye taa lazima urudi nyumbani, kwenye betri, na njia yake ya kurudi ni chuma cha gari lenyewe. Aliiita masi. Chini ya kila taa tulikuwa tumepaka rangi, basi umeme wa kushoto ulikuta mlango umefungwa, ukazunguka kwa jirani, ukapita ndani ya taa ya kuume kutafuta njia. Taa ya kuume haikuwa na kosa. Ilikuwa inampitisha mkimbizi.

Baba alimtazama mama. Niliogopa neno ambalo angelisema, maana alikuwa na haki nalo. Akasema tu, “Bila rangi hiyo tusingekuwa na gari ya kutengeneza,” akaingia chini ya bampa na kisu. Mama alichukua kisu cha jikoni akapiga magoti kwenye taa ya upande wa pili. Walikwangua hivyo, baba kushoto na mama kuume, hadi chuma kikang’aa, na fundi akasugua kwa msasa walipoacha. Saa nne na nusu kila taa ilisema jambo moja.

Ilinibidi nami niende, wala si kwa ushujaa. Kwetu mama mkwe hawezi kukaa ubavuni pa mkwe wake, na kiti cha kamioneti kilikuwa kimoja kirefu. Alihitajika mjukuu wa kukaa katikati.

Tulimkuta bibi Runingu amekaa juu ya godoro lililofungwa, mlangoni, kuku wawili miguuni. Wakati tunapakia, watu walianza kufika kwa miguu kutoka upande wa Nyakabere, wengine na sufuria kichwani. Walisema risasi zimeanza huko, na barabara ya kaskazini imefungwa. Baba aliwabeba nyuma wengi alivyoweza. Bibi aliingia, akajifunika kitenge upande wa baba, akaanza kumsema kupitia kwangu.

“Muulize baba yako, tangu alfajiri niko ninangoja. Alikuwa anafanya nini?”

“Mwambie nilikuwa natengeneza taa,” baba alisema, macho barabarani.

“Taa. Na jua liko wapi? Muulize kama hakuliona.”

Mbele yetu, mbali, vumbi lilikuwa linakuja. Lilikuwa lori, likienda kaskazini tulikotoka, na watu wamekaa juu ya mizigo hadi ukingoni. Baba alipunguza mwendo, akawasha ya kushoto. Nilisikia kile kikopo kikigonga chini ya usukani, tak, tak, tak. Sijawahi kusikiliza chombo chochote namna ile. Lori lilizidi kuja. Niliona uso wa dereva, kijana mwenye kofia nyekundu, akitazama upande wetu wa kushoto, kisha wa kuume, kuhakikisha. Kuume hakukuwa na kitu. Akawasha yake ya kushoto kumjibu baba, akalikunja lori lile zima kwenye shamba la mihogo, likayumba, wanawake wakapiga kelele juu, likarudi barabarani likielekea kusini, mbele yetu.

Bibi alikuwa ameshusha kitenge. Alilitazama lori kwa muda mrefu.

“Wale juu wako wangapi?” aliuliza. Sikujua alikuwa anauliza nani, maana hakusema niulize.

“Sikuwahesabu, mama,” baba alisema.

Alijifunika tena. Hakumsema tena hadi mjini.

Mama alikuwa ametembea hadi Kavimvira, mpakani, mlangoni mwa mji, kutungojea, amesimama kati ya wabadilishaji fedha waliokuwa wanafunga meza zao haraka. Lori lilikuwa limempita kwanza, na alipouliza, dereva akampigia kelele kwamba kamioneti ya buluu iko nyuma. Alimshika bibi mikono yote miwili. Alinigusa shavu. Kisha akazunguka upande wa usukani, na baba akabaki amekaa, mikono bado juu ya usukani, kama mtu anayengoja kusemwa.

“Umekula?” mama alimuuliza.

“Hapana.”

Akampandishia kile kikapu cha asubuhi kupitia dirishani, akakifunua yeye mwenyewe.