Chupa ya Chai na Binti wa Mwavuli

Jumapili iliyopita nilikuwa jikoni kwangu hapa Makambako, namenya viazi, nikasikia kutoka sebuleni sauti ya mwavuli unaofungwa. Kwap. Halafu matone mawili ya mvua, halafu kimya. Kisu kilinitoka mkononi. Binti wa kaka yangu Gaudensi, aliyekuja kunitembelea, alikuwa amejikunja kwenye kochi na simu yangu, anatazama katuni niliyoitazama mimi nikiwa darasa la sita. Akaniuliza kama naijua. Naijua, tena kuliko ninavyopenda.

Enzi hizo tulikaa mtaa wa Ramadhani, Njombe mjini, na Gaudensi alikuwa amepata kazi Makambako, kwenye duka la kuwajazia watu filamu kwenye flashi. Kila Jumamosi alikuja na flashi mfukoni, nasi tukabanana na watoto wa jirani mbele ya televisheni ya baba, blanketi mpaka kidevuni, maana Njombe ya mwezi wa sita haina huruma. Katuni ilikuwa ya Kijapani, maandishi yake ya Kiingereza, na Gaudensi alitutafsiria huku akiongeza chumvi. Ilihusu msichana wa shule mwenye mwavuli mweusi. Kila palipotendeka ubaya, alimchagua mtu mmoja na kumuuliza maswali kwa upole, bila kupiga wala kutukana, mpaka yule mtu akatetemeka na kukiri. Hapo alifunga mwavuli wake na kuondoka.

Katuni tulizozizoea zilikuwa za wanyama kuanguka na kuinuka. Hii ilitutisha, na ilituchukulia kama watu wazima. Nawaambia ukweli, nilimpenda yule binti kuliko watakatifu wote wa kwenye kalenda ya mama. Flashi ilikuwa na sehemu nane tu. Zilizobaki hazikuwahi kufika, tukarudia nane zilezile mpaka tukazikariri.

Shuleni tukaufanya mchezo. Mimi ndiye niliyekuwa monita, kwa hiyo mimi ndiye binti, na mwavuli wa mama uliovunjika kijiti kimoja ulikuwa wangu. Niliuliza nani kamwaga maji, nani kajamba wakati wa sala. Mama aliposikia alifurahi, akasema kuuliza si ujinga. Maskini mama.

Mwalimu wetu wa darasa alikuwa na chupa ya chai, na kazi yangu ilikuwa kumletea darasani saa nne. Siku moja niliibeba kwa mkono mmoja, chaki mkono wa pili, ikaniponyoka palepale ofisini. Niliposikia vipande vya kioo vikichezacheza ndani, niliirudisha mezani, nikafuta sakafu kwa sketi, nikatoka. Chupa niliivunja mimi. Sijawahi kuliandika hili popote.

Mwalimu hakufoka. Alisema kikulacho ki nguoni mwako, na kwamba kesho yake tutapiga kura ya siri: kila mtu aandike kwenye kikaratasi jina la anayemshuku. Ndivyo ilivyokuwa shuleni kwetu kila kitu kilipopotea au kuharibika, kama wazazi wetu walivyofanya kwenye mikutano yao walipotafuta wezi wa mifugo. Jina likizidi, basi ndiye.

Asubuhi ile Odilia alikuwa na zamu ya kufagia mbele ya ofisi. Alikuwa msichana mkimya, mama yake mjane, mkulima wa viazi. Mchana nilichukua mwavuli, nikawakusanya wenzangu kwenye miti ya miwati nyuma ya shule, nikamwita. Ulikuwa wapi saa nne? Nani alikuona? Mbona hunitazami? Mwanzoni nilitaka tu macho ya watu yawe mbali na mimi. Lakini, na hili ndilo linalonichoma, baada ya muda nilisahau kabisa kwamba chupa niliivunja mimi. Nilikuwa naona raha. Odilia alisimama, mikono ndani ya sweta, kisha akainua macho na kunitazama kwa muda mrefu.

"Andikeni mnavyotaka," akasema.

Nikafunga mwavuli.

Kesho yake karibu vikaratasi vyote vilikuwa na jina lake, hata changu, kwa mwandiko wangu mzuri. Alichapwa. Mama yake akaleta chupa ya nyumbani kwao, yenye maua mekundu, na mpaka tunafunga shule nilimmiminia mwalimu chai kutoka kwenye chupa hiyo. Mimi ndiye niliyeanza kumwita Odilia Chupa. Wengine wakadakia.

Jumapili hiyo niliacha viazi, nikakaa kwenye kochi na yule mtoto, nikautazama mwisho nisioufikia utotoni. Wote waliokiri hawakuwa na hatia. Maovu yote yalikuwa ya binti wa mwavuli. Mtoto aliduwaa, kisha akataka tuanze upya saa ileile, aone ni wapi alipodanganywa. Hivyo ndivyo katuni hiyo inavyowashika watu mpaka leo. Mimi sikushangaa. Mwisho ule nilikuwa nimeufikia kwenye miwati.

Jumatatu nilikwenda sokoni. Odilia anauza parachichi hapa Makambako, na kwa miaka miwili nilikuwa nazunguka upande wa pili nisipite kwenye meza yake.

"Kamwene, monita," akanisalimia kwa Kibena.

Nikamwambia yote, vibaya, kwa haraka. Hakuacha kupanga parachichi zake.

"Najua. Nilikuona kupitia dirisha la ofisi."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nani angemwamini Odilia, monita akikataa? Nikasubiri useme mwenyewe. Hata ulipokuwa unaniuliza, nilikuwa nasubiri."

Miaka yote nilidhani nilimtesa mtu asiyejua. Kumbe pale kwenye miwati aliyekuwa anahojiwa ni mimi, na sikujibu. Nikamwomba msamaha, akafungua mdomo kunijibu, lakini mteja akaita nyuma yangu.

"Mama Chupa, parachichi za leo zimeiva?"

"Zimeiva, njoo uchague," Odilia akaitika, akageuka kumhudumia.